Picha za Majumba ya Kale ya Kusini mwa Marekani

Mnamo mwaka 1927 Bibi Frances Benjamin Johnston (1864–1952) alianza kupiga picha majengo ya kale ya Virginia. Katika miaka ya 1930, kwa msaada wa fedha za Carnegie, aliyazungukia majimbo tisa ya Kusini. Picha zake, zipatazo 7,000, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington.

Hakupiga majumba ya mabwana tu, bali pia majiko, vinu, maghala na vibanda vya watumwa. Mengi yalikwisha kuwa magofu, na baadhi hayapo tena. Jumba la bwana halikosi wa kulitetea. Kibanda cha mtumwa kikianguka, huenda picha ikabaki kuwa shahidi wake wa pekee.