KOMAMANGA: TUNDA LA MANGA NA HAKI YA SIKU YA MAVUNO



Ndugu zangu, hasa nyie wa Kidete na Kilosa mnaoniuliza kuhusu kupanda mkomamanga uani au kwenye ndoo. Kabla ya kulila tunda, tulisome jina lake.

Komamanga ni koma la Manga. Koma ni tunda la mkoma, na Manga ndivyo wazee wa pwani walivyoiita Arabuni, upande wa Omani. Ni Manga ile ile ya pilipili manga. Jina lenyewe linashuhudia safari ya majahazi yaliyoletwa na kaskazi. Na hata huko Manga mti huu ulifika ukiwa mgeni, maana asili yake ni Uajemi hadi kaskazini mwa India.

Omani makomamanga yanayosifika ni ya Jabal Akhdar, kwenye matuta ya mawe karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni haba. Watu hunywesha miti kwa falaj, mfereji wa pamoja, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mti huu umelelewa kwa maji ya haki.

Sasa turudi kwetu. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara ya kwenda na kutoka bara. Burton na Speke walipita 1857, Stanley 1871. Njia hiyo ilipitisha nguo, shanga, lugha hii tunayosemezana na dini hii tunayoifuata. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo kuelekea pwani, na miongoni mwa waliowauza walikuwemo Waislamu. Tusifiche. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa mpaka 1873.

Hapa ndipo pa kutetemeka. Qur'ani imelitaja komamanga mara tatu: mara mbili katika Suratul An'aam, aya ya 99 na 141, na mara moja katika Suratur Rahmaan, aya ya 68. Aya ya 141 haikuishia kwenye utamu. Imeamrisha haki itolewe siku ya kuvuna, na imekataza israfu. Wangapi waliisoma aya hiyo kwa sauti nzuri, ilhali aliyewalimia hakuwa na haki hata ya nafsi yake?

Basi wewe panda kwa haki. Chukua kijiti cha tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kuanzia. Tia udongo, mchanga na samadi iliyooza, uweke penye jua. Mti wa kijiti unaweza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Ukiacha udongo ukauke kabisa kisha ukamwagia maji mengi kwa ghafla, tunda hupasuka. Kidogo kwa zamu ndiyo siri, kama falaj.

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa madhara ya maji yaliyopita kiasi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli na kuwatoa watu majumbani.

Na ile habari kwamba kila komamanga lina punje ya Peponi, wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, tusiisambaze. Iliyo sahihi inatutosha: alichopanda Muislamu kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake.

Ukipogoa, usitupe vijiti. Mpe jirani, awe Muislamu au asiwe. Na uliyemwajiri akulimie, mlipe kabla jasho lake halijakauka.

Allah atuwafikishe. Wallahu a'lam.