Utando

Katika Wadi ya Airport, Changamwe, Mombasa, chai ya maziwa ikipoa kikombeni watu husema imefanya utando. Neno latokana na kutanda: kuenea juu ya kitu na kukifunika, kama wingu litandavyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba waandishi wa afya waache "membreni" na watumie utando, kwa maana kazi ya kitu chenyewe ni hiyo hiyo.

Madaktari wa meno hutandika utando wa kolajeni, protini ya ngozi na kano, chini ya ufizi, pale mfupa wa taya ulipolika. Huizuia nyama laini isiingie ndani, mfupa ukapata nafasi ya kuota. Baada ya wiki kadhaa au miezi, mwili huuyeyusha. Utando huo hutengenezwa kwa ngozi, kano au ngozi laini inayozunguka moyo wa mnyama, na seli zake huondolewa kwanza. Kisha hupimwa kwa viwango vya kimataifa vya vifaa vya tiba, ISO 10993: je, unaua seli hai? Unaleta mzio? Ukipandikizwa ndani ya mnyama, tishu zinaupokea vipi?



Ila neno utando bila jina la mnyama halijakamilika. Upo wa ng'ombe, upo wa nguruwe, na kwa wagonjwa wengi wa Mombasa tofauti hiyo ni nzito kwa sababu ya dini. Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, muulize daktari: utando wa mnyama gani?