Kituo cha Syokimau: Jina Letu Kwenye Reli

Ndugu zetu wa Machakos, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kabla ya reli kufika, wazee wetu walisimulia utabiri wa Syokimau, nabii mwanamke wa Ukambani. Alisema atakuja nyoka mrefu atoaye moto na moshi, atakayeikata nchi kutoka maji hadi maji. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Mei 1899 ikafika Nairobi, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria.

Lakini nyoka huyo hakupita mjini Machakos. Alipita Athi River. Machakos ilikuwa kituo cha utawala tangu 1889, wakati Nairobi ilikuwa kinamasi tu. Reli ilipoegemea upande ule, makao ya mkoa yalihamishwa kwenda Nairobi mwaka huo huo wa 1899. Biashara ikafuata, kisha vijana wetu wakafuata kazi. Mji wetu ulikuwa mkubwa kabla ya Nairobi, ukabaki nyuma kwa sababu ya njia ya chuma.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, reli imeturudia kwa jina la nabii wetu. Tarehe 13 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha Syokimau cha treni za abiria wa kila siku wa Nairobi. Asubuhi treni huwapeleka wafanyakazi mjini kupitia Imara Daima na Makadara, jioni huwarudisha. Mwenye gari huliacha kituoni akakwepa msongamano wa barabara ya Mombasa. Asiye na gari hulipa nauli inayojulikana, tofauti na matatu ambayo mvua ikinyesha bei hupanda.

Mei 2017 reli mpya ya SGR ilizinduliwa, na stesheni yake kuu ya Nairobi ikajengwa papo hapo Syokimau. Sasa msafiri akishuka kutoka Mombasa hupanda treni nyingine inayomfikisha katikati ya jiji.

Tukifanya hesabu, swali ni moja: ni nani anayefaidika na kituo hiki? Jina peke yake halilipi karo. Stesheni inahitaji mafundi wa umeme, wa mitambo na wa mawimbi ya mawasiliano, makarani na madereva wa treni. Mwaka 1899 hatukuwa na chaguo. Leo tunalo, na likitupita tutakuwa tumeachwa na reli mara ya pili.

Ndiyo maana mfuko wa mwaka huu unalenga karo za vijana wetu wanaosomea ufundi. Kila shilingi itaandikwa kwenye daftari, na hesabu zitasomwa mbele ya mkutano mkuu. Haba na haba hujaza kibaba. Wazee, akina mama na vijana, karibuni tuchange.

Harambee!