Koo la Mtoto na Moyo Wake

Katika miaka yangu ya ualimu nilichapa viboko vingi, na vingi nimevisahau. Viwili sijavisahau. Nilimchapa mvulana wa darasa la tano, katika shule moja ya Temeke, mwaka 1978, kwa kosa la kukwepa mchakamchaka. Alisema goti linamuuma. Siku chache kabla alikuwa amesema ni kifundo cha mguu. Nikaamua kwamba maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo ni uvivu wa kutunga. Leo najua kuwa kuhama huko ndiko kulikokuwa dalili yenyewe.

Hali ya siku zile ilikuwa hivi. Novemba 1977 ulianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wakamiminika shuleni. Sensa ya 1978 ilihesabu zaidi ya watu 840,000 Dar es Salaam, zaidi ya maradufu ya wale wa 1967. Tandika na Keko kwetu, kama Manzese upande wa Kinondoni, familia nzima iliweza kulala chumba kimoja cha kupanga. Darasani watoto walibanana dawati moja wanne wanne. Mmoja akiumwa koo, wenzake hawakukawia.

Na koo likiuma, wengi walimpeleka mtoto kukatwa kimeo. Waliamini kwamba kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa ndicho chanzo cha kikohozi na mafindofindo. Mvulana yule naye alikatwa, yapata wiki tatu kabla ya viungo kuanza kuvimba. Kidonda kilipona, nyumbani wakaridhika. Siwalaumu. Mimi mwenyewe, mwaka 1973, niliongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Tulijifunza malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, tukachimba vyoo kwa bidii. Koo halikuwamo katika masomo yale. Cheti changu cha ualimu hakikunizidishia kitu mbele ya mkata kimeo.

Kumbe miongoni mwa vijidudu vinavyoshambulia koo wamo bakteria waitwao streptokoka. Mara nyingi koo hupona lenyewe. Lakini kwa baadhi ya watoto, wiki mbili au tatu baadaye, askari wa mwili waliojifunza kupigana na bakteria hao huanza kushambulia mwili wenyewe, kwa kuwa nyama zake zina mfanano nao. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba kimoja baada ya kingine, kisha hupoa. Moyo hauna bahati hiyo. Vali zake, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma, hupata makovu, zikashindwa kufunguka au kufunga sawasawa. Homa ikirudi, kovu huongezeka. Na vali iliyoharibika huwa makao ya bakteria wengine, hata wale wanaoingia damuni kutoka kwenye jino bovu.

Kinachoniuma ni kwamba kinga ilikwisha kujulikana. Mwaka 1950 madaktari wa jeshi la Marekani, waliofanya utafiti katika kambi moja ya Wyoming, walichapisha ushahidi kwamba penisilini ikitolewa mapema kwa mwenye koo la namna hiyo huizuia homa ya baridi yabisi. Na aliyekwisha kuugua hulindwa asirudiwe kwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne. Mvulana wangu alikatwa kimeo miaka 28 baada ya habari hizo kutoka.

Alimaliza darasa la saba kwa taabu. Mwishoni alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi zilimwishia. Alifariki mwaka 1981. Daktari alikuwa amemtajia baba yake neno vali. Mzee yule alikuja kuniuliza maana yake, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Sikujua.

Zama zile upasuaji wa moyo ulikuwa jambo la ng'ambo, na kwa miaka mingi wagonjwa wetu walipelekwa India. Mwaka 2008 upasuaji huo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa hapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Vali zilizoharibika sasa hubadilishwa hapa hapa nyumbani. Nashukuru kwa hilo. Lakini anayewekewa vali ya bandia ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa kooni.

Walimu vijana wanaonitembelea huniomba ushauri juu ya nidhamu. Huwaambia hivi: mtoto akisema leo kifundo, kesho goti, weka fimbo chini, muulize kama koo lilimuuma mwezi huu, kisha mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.