B.A. au B.Sc.: Jina Lilitoka Wapi?



Kijana wa Kigwena anayependa kemia akitafuta chuo nje hukuta B.A., shahada ya sanaa, na B.Sc., shahada ya sayansi. Nyumbani wanauliza: ipi ndiyo sayansi ya kweli?

Tuangalie historia. Zamani Oxford na Cambridge walitoa B.A. kwa masomo ya sayansi pia. Mwaka 1860 Chuo Kikuu cha London kikaanza kutoa B.Sc. Makerere tangu 1949, na Dar es Salaam tangu 1961, vilifundisha shahada za London, ndipo B.Sc. ikazoeleka Afrika Mashariki. Sisi Burundi tulirithi lisansi ya Wabelgiji, hadi sheria ya 2011 ilipoleta bakaloreya ya chuo kikuu. Cambridge mpaka leo humpa mwanafizikia B.A.

Marekani ni tofauti. Chuo kimoja huweza kutoa zote mbili kwa kemia: B.Sc. huzidisha hisabati na maabara, B.A. huacha nafasi ya lugha na masomo mengine.

Basi wazazi, msimkatalie mtoto kwa sababu ya jina. Kabla ya kulipa ada, someni naye orodha ya masomo. Je, inamfikisha kwenye kazi anayoitaka?