Mawe ya Katanga na karatasi zake

Katika maduka ya mawe ya Ulaya na Marekani kuna jiwe moja jeupe ambalo halikosi mezani. Ni uleksiti, borati yenye nyuzinyuzi zilizolala sambamba, iliyopewa jina la mwanakemia Mjerumani Georg Ulex. Si johari, na ni laini mno kuvaliwa kidoleni. Lakini likikatwa kukingama nyuzi zake, likang'arishwa pande zote mbili na kuwekwa juu ya gazeti, herufi hupanda hadi uso wa juu wa jiwe, kwa kuwa kila uzi hupitisha mwanga kutoka chini. Vipande vingi hutoka Boron, katika jangwa la California. Sisi wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, hatuna jiwe hilo: borati za aina hii huzaliwa katika maziwa ya chumvi yaliyokaushwa na jua, na ardhi yetu ni ya shaba, kobalti na mvua. Biashara yake hata hivyo inatuhusu. Borati yenyewe viwanda huinunua kwa tani; anayechukua kipande kimoja na kukiweka kabatini analipia habari zake, yaani kinafanya nini na kimetoka wapi. Hoja yangu ni kwamba katika historia ya mawe ya Katanga, habari hizo ndizo tulizopoteza zaidi, na bado tunazipoteza.

Tuanze na yaliyopita. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alipita huku mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuandika juu ya utajiri wa shaba ambao mafundi wa Katanga walikuwa wakiuyeyusha kutoka malakiti kwa karne nyingi, wakifua misalaba iliyotumika kama fedha. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, reli ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza kwa mawe ya Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Kutoka mgodi huohuo ilipatikana kornetiti, madini ya buluu yaliyopewa jina la Cornet. Mwaka 1915 Robert Sharp aligundua urani ya Shinkolobwe, na mawe yake ya manjano, ya machungwa na ya kijani yakasafirishwa hadi Ubelgiji. Huko Ghent, Alfred Schoep alitambua moja baada ya jingine: kuriti na kasoliti 1921, bekereliti 1922, sklodowskiti 1924. Sharp naye alipata madini yenye jina lake, sharpiti, na Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni aliyepeleka zaidi ya tani 1,000 za madini ya urani New York wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipata sengieriti, iliyotoka Luiswishi, karibu na mji wetu wa Lubumbashi. Kasoliti angalau ilichukua jina la kilima chake, Kasolo.

Mtu anaweza kusema huu ni wizi, tumalize. Sikubali haraka hivyo. Wahandisi na wanajiolojia wasingeweka vipande vile kando, vingeingia kwenye mashine za kusaga pamoja na vingine vyote, na leo hakuna mtu, awe Lubumbashi au Brussels, ambaye angeviona. Shinkolobwe ilifungwa 1960 na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Fuwele za kule chini zilizobaki ni zile zilizokwisha kutolewa, na nyingi ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, au mikononi mwa wakusanyaji. Tazama kipande kimoja cha zamani cha kuprosklodowskiti kutoka Musonoi, Kolwezi: sindano za kijani, nyembamba kuliko unywele, zimetawanyika juu ya mwamba kutoka kitovu kimoja. Kando yake kuna kikaratasi kidogo kilichochakaa: jina la madini, mgodi, namba ya mkusanyo. Aliyekiandika ndiye aliyefanya jiwe lile liwe ushahidi wa namna ardhi ya Katanga ilivyoumbika. Kosa la enzi ile ni kwamba kikaratasi kilikwenda na jiwe, na nakala haikubaki hapa.

Sasa hali ni mbaya kwa namna nyingine. Malakiti inauzwa mjini ikiwa yai, kisahani cha majivu ya sigara, tembo au kete za sataranji, na fundi aliyeichonga anastahili heshima na bei yake. Lakini jiwe likishachongwa, hakuna tena anayejua kama lilitoka Kolwezi, Kambove au Likasi. Karoliti, madini ya shaba na kobalti, ndiyo mfano unaouma. Jina lake limetoka kaunti ya Carroll, jimbo la Maryland, Marekani, lakini fuwele nzuri zaidi zinazojulikana, zenye nyuso zinazong'aa kama kioo, zimetoka Kamoya, upande wa Kambove. Kwa mnunuzi wa kobalti ni kilo tu, tena kilo ya salfaidi. Kwa mkusanyaji, fuwele moja iliyo nzima huuzwa kwa bei isiyo na uhusiano wowote na kobalti iliyomo. Mchimbaji anayeijua tofauti hiyo havunji fuwele kwa nyundo. Asiyeijua huitupa ndani ya mfuko.

Dhidi ya kuandika asili ya kila jiwe kuna pingamizi zito zaidi, nalo halijibiwi kwa hotuba. Wachimbaji wadogo wengi huingia katika eneo la kampuni bila ruhusa. Kuandika jina la mgodi kwenye karatasi ni kama kujishitaki. Ndiyo sababu muuzaji hutaja mahali pasipo sahihi, au hataji mgodi ila mji mkubwa wa jirani. Hata hivyo jiwe halihitaji jina la mtu. Linahitaji mahali, tarehe na aina ya mwamba uliolishika, na chombo kinachopokea habari hizo kinaweza kuahidi kutouliza zaidi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofungua milango 1956, kina wanajiolojia. Mji una jumba la makumbusho la taifa. Wanaosema hatuna fedha za makabati ya fahari wako sahihi, ila daftari la mapokezi na kamera ya simu havihitaji fahari.

Mawe ya urani ni suala la pekee. Hutoa miale, na hutoa gesi ya radoni ambayo hujikusanya katika chumba kisichopitisha hewa. Hayafai kukaa chini ya kitanda wala kuuzwa barabarani, na mtu aliye nayo ayakabidhi kwa wataalamu. Kwa malakiti, karoliti na kalisaiti ya waridi yenye kobalti, ombi ni dogo: ewe unayenunua au kuuza, kabla jiwe halijatoka mkononi mwako, andika mgodi na mwaka, piga picha, na nakala moja ibaki Lubumbashi.