Kutoka Otaku hadi Oshi: Lakabu Ambazo Mashabiki Walipachikana Wenyewe

Neno otaku, ambalo siku hizi hutumika katika nchi nyingi kumtaja mtu aliyezama katika mapenzi ya katuni, filamu za katuni na michezo ya video ya Kijapani, lilianza kama neno la adabu tupu. Katika lugha ya Kijapani taku ni nyumba, na o inayotangulizwa ni kiambishi cha heshima, na kwa kuwa Wajapani huona ni utovu wa adabu kumtaja moja kwa moja mtu wasiyemzoea, makazi ya mtu yakashika nafasi ya mtu mwenyewe, hata otaku ikawa kiwakilishi cha nafsi ya pili chenye staha lakini pia chenye umbali, kinachomfaa mama anayezungumza na jirani asiyemfahamu vyema au muuzaji anayeongea na mteja wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Tokyo waliopenda hadithi za kubuni za kisayansi na filamu za katuni walizoea kuitana hivyo wao kwa wao, jambo lililowakera waliowasikia, kama ambavyo ingekera kuwasikia wanafunzi wa darasa moja wakiitana "mheshimiwa" uwanjani bila dalili yoyote ya utani. Wapo wanaoinasibisha desturi hiyo na wahusika wa Macross, mfululizo wa filamu za katuni ulioanza kurushwa katika televisheni mwaka 1982, na wapo wanaomtaja mwandishi wa kike Arai Motoko, aliyekuwa na wasomaji wengi miongoni mwa vijana hao.

Kilicho dhahiri zaidi ni nani aliyeligeuza neno hilo kuwa lakabu. Ingedhaniwa kuwa jina la kumdhalilisha shabiki lingetungwa na mzazi, na mwalimu au na mhariri wa gazeti kubwa, yaani mtu anayemtazama kwa mbali asimwelewe, lakini katika historia hii karibu kila lakabu imetoka kinywani mwa mtu aliyekuwa ndani ya ua ule ule, akitafuta njia ya kusema kuwa yeye si kama wale wengine.

Aliyefanya hivyo kwanza ni Nakamori Akio, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1960, ambaye mwezi Juni 1983 alianza safu fupi iliyoitwa Uchunguzi wa Otaku katika Manga Burikko, jarida dogo la katuni za kiashiki ambalo wasomaji wake walikuwa hasa ni vijana aliokusudia kuwakejeli. Habari yake ilianzia kwenye Comic Market, ambalo kwa kifupi huitwa Comiket, soko la mashabiki lililofanyika kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 na wageni wapatao 700, ambako huuzwa dojinshi, yaani majarida yanayoandikwa, kuchorwa na kuchapishwa na mashabiki kwa gharama zao. Kufikia wakati wa Nakamori soko hilo lilikuwa likivuta maelfu, naye aliuchora umati alioukuta humo kwa jicho kali lisilo na huruma: wavulana wasiojua michezo, wanaojificha darasani wakati wa mapumziko, waliovaa mashati na suruali za bei ya chini ambazo mama zao waliwanunulia kwenye maduka makubwa ya kawaida, miguuni raba za kuiga chapa iliyokwisha kupitwa na wakati, na begani mkoba uliotuna kwa kujazwa vitu. Majina yaliyokuwapo, kama vile mania, linalotokana na neno la kigeni lenye maana ya wazimu, na nekura, linalomaanisha mtu mwenye tabia ya kiza, hayakumtosheleza, kwa hiyo akachukua kile kiwakilishi alichowasikia wakiitana nacho na kuwabandika.

Wasomaji walikasirika, na haikuwa ajabu. Mhariri Otsuka Eiji, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wahakiki wakubwa wa utamaduni wa katuni nchini Japani, aliona kuwa safu hiyo inabagua watu badala ya kuwachunguza, na hatimaye ikaondolewa jaridani. Laiti mambo yangeishia hapo, otaku ingebaki utani wa kundi dogo, ukasahaulika pamoja na jarida lenyewe.

Hayakuishia hapo. Mwezi Julai 1989 polisi walimkamata Miyazaki Tsutomu, aliyekuwa amewaua wasichana wadogo wanne katika Mkoa wa Saitama na Tokyo tangu mwaka uliotangulia, na waandishi wa habari wakaingia katika chumba chake wakakuta kanda za video 5,763 zimepangwa hadi darini. Picha ya chumba kile, chenye kuta za kanda na majarida zilizokaribia kuliziba dirisha, ilienea katika kila gazeti na kila kituo cha televisheni, na neno ambalo hadi hapo Wajapani wengi hawakuwahi kulisikia likawafikia likiwa limekwisha funganishwa na muuaji. Kwamba kanda za kutisha zilikuwa sehemu ndogo tu ya rundo lile hakukuwazuia wengi kudai kuwa mapenzi ya katuni ndiyo yaliyomzaa mhalifu. Miyazaki alinyongwa tarehe 17 Juni 2008, lakini kwa karibu muongo mmoja baada ya kukamatwa kwake kijana aliyejulikana shuleni au kazini kuwa ni otaku alitazamwa kwa shaka. Inafaa kukumbukwa kuwa mwaka ule ule wa 1989 Nakamori na Otsuka, mahasimu wa juzi, walishiriki pamoja katika kitabu kilichomjadili Miyazaki kama mtu wa kizazi chao, kila mmoja akilazimika kuikabili lakabu ambayo mmoja wao aliitunga na mwingine akaikataa.

Juhudi za kulisafisha neno nazo zilianzia ndani. Okada Toshio, mmoja wa waanzilishi wa studio ya Gainax, alikuwa nyuma ya filamu ya Otaku no Video ya mwaka 1991, ambayo inachanganya hadithi ya katuni na mahojiano ya kughushi ya watu halisi waliofichwa nyuso na kubadilishwa sauti kana kwamba ni wahalifu. Dhihaka hiyo iliwapiga kwa pamoja mashabiki wenyewe na televisheni iliyokuwa ikiwaonyesha kwa namna hiyo hiyo. Okada, aliyejiita Otakingu, yaani mfalme wa otaku, alifundisha somo hilo katika Chuo Kikuu cha Tokyo na mwaka 1996 akatoa kitabu cha utangulizi wa elimu ya otaku, akidai kuwa otaku ni mtu mwenye jicho lililonolewa, anayeweza kutambua mkono wa mchoraji fulani katika tukio la sekunde chache. Lilikuwa dai la kujitukuza, na lina upungufu, kwa sababu lilimfanya otaku kuwa mtaalamu na kumsahau mtu wa kawaida anayependa tu. Mwaka 2008 Okada mwenyewe alitoa kitabu kingine akitangaza kuwa otaku wamekwisha kufa, kwa maana kwamba jamii ya wajuzi aliyoitetea ilikuwa imesambaratika.

Lililofanya kazi kubwa zaidi kuliko hoja zote hizo ni fedha. Mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti ya Nomura ilikadiria kuwa otaku wa nyanja 12 walifikia watu milioni 1.72 na soko lao lilikuwa na thamani ya yeni bilioni 411, na mtaa wa Akihabara jijini Tokyo, ambao zamani ulijulikana kwa vipuri vya redio na vyombo vya umeme, ulikuwa umekwisha jaa maduka ya sanamu ndogo za wahusika. Mwaka huo huo Wajapani walikuwa wakimfuatilia Densha Otoko, yaani mwanamume wa garimoshi, kijana otaku aliyemtetea mwanamke dhidi ya mlevi ndani ya treni, akatumiwa na mwanamke huyo vikombe vya chapa ya Hermès kama shukrani, kisha akaomba ushauri kwa watu asiowajua katika jukwaa la mtandaoni la 2channel, nao wakamwelekeza avae nini na ampeleke wapi kula. Mazungumzo hayo ya mwaka 2004 yalichapishwa kama kitabu, yakauzwa nakala zaidi ya milioni moja, na yakatengenezewa filamu na tamthilia ya televisheni. Serikali nayo haikubaki nyuma, kwani Aso Taro, mpenzi wa katuni asiyejificha, alianzisha tuzo ya kimataifa ya manga, yaani vitabu vya katuni, mwaka 2007 akiwa waziri wa mambo ya nje, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu.

Nje ya Japani neno lilichukua mkondo wa kinyume. Wamarekani waliokuwa wakibadilishana kanda zilizonakiliwa za anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, walilipokea bila kivuli cha Miyazaki, wakalivaa kama nishani, hata tamasha lililoanzishwa Pennsylvania mwaka 1994 likaitwa Otakon. Lakini kundi lisilo na jina la kujitusia halikai hivyo kwa muda mrefu. Kwenye 4chan, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2003 kwa mfano wa majukwaa ya Kijapani na lililojaa wapenzi wa anime, watu walikuwa wakimsimanga Mmagharibi anayejifanya Mjapani kwa kumwita Wapanese, na tusi hilo lilipokithiri wasimamizi waliweka kichujio kilicholibadilisha kila lilipoandikwa kuwa weeaboo, neno lisilo na maana yoyote lililookotwa katika katuni fupi za The Perry Bible Fellowship za mchoraji Nicholas Gurewitch. Kichujio kilikusudiwa kuwanyamazisha, kikawapa silaha mpya. Leo kifupi chake, weeb, hutamkwa na mashabiki kwa kujitania, na tofauti kati ya otaku anayejua na weeb anayejisingizia inajadiliwa kwa uzito ule ule ambao Nakamori aliutumia kujitenga na wavulana wa Comiket.

Majirani wa Japani walilifinyanga neno kwa njia zao. Katika Kichina zhainan, mwanamume wa nyumba, imeelekea zaidi kwa kijana asiyetoka ndani, awe anapenda katuni au la, ilhali Wakorea walilibadili matamshi, wakalikata, wakapata deokhu, ambalo humfaa mshabiki wa kahawa au wa waimbaji sawasawa na wa anime.

Wanawake, ambao tangu mwanzo walikuwa wengi katika Comiket ingawa Nakamori aliwaangalia wavulana zaidi, walijitungia lakabu yao. Fujoshi huandikwa kwa kubadili herufi moja ya neno la kawaida la mwanamke ili sauti ibaki ile ile na maana iwe "msichana aliyeoza", nao walijiita hivyo kwa sababu hupenda hadithi za mapenzi kati ya wahusika wa kiume. Barabara moja ya Ikebukuro, Tokyo, yenye maduka yanayowalenga wao, hujulikana kama Otome Road. Kujitukana kabla ya kutukanwa kuliwapa kinga ambayo wanaume wa miaka ya 1980 hawakuwa nayo.

Kwa vijana wa sasa wa Japani neno linalovuma ni oshi, lililotoka kwa mashabiki wa vikundi vya waimbaji, likiwa na maana ya yule ambaye mtu amemchagua kumuunga mkono, na shughuli za kumtumikia, yaani kununua beji zake, kuhudhuria maonyesho yake na kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa hata asipokuwepo, huitwa oshikatsu. Riwaya ya Usami Rin kuhusu msichana ambaye oshi wake amekumbwa na kashfa ilipata Tuzo ya fasihi ya Akutagawa mwaka 2021. Wengi wa vijana hao hujiita pia otaku, wepesi kama mtu anayesema anapenda soka, na baadhi ya wakongwe, wasiovumilia kuona jina lililowagharimu likitolewa bure, huwaita niwaka, watu wa ghafla.